Mkimbiaji ghali hanunui ushindi

Mashabiki wa futiboli ya Marekani wana msemo wa siku nyingi: timu inayokimbia sana na mpira hushinda, kwa hiyo mkimbiaji hodari, yaani mchezaji ambaye kazi yake ni kukimbia na mpira, apewe mkataba mnono wa miaka mingi. Hesabu za mechi zinaonekana kuwaunga mkono, ila wamegeuza chanzo kuwa matokeo. Timu ikishaongoza, hupunguza pasi na kumpa mkimbiaji mpira ili muda uishe. Pasi isiyodakwa husimamisha saa. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea. Kwa hiyo yadi nyingi za mwishoni ni za timu ambayo tayari iko mbele.

Halafu kuna mwili. Mkimbiaji hugongwa karibu kila anaposhika mpira, na miaka yake bora mara nyingi huishia kwenye mkataba wa kwanza, ule wa bei nafuu. Mwaka 2018 timu ya Rams ilimwongezea mkimbiaji wake Todd Gurley miaka 4 kwa dola milioni 60. Machi 2020 wakamtema. Timu ya Cowboys nayo ilimpa mkimbiaji Ezekiel Elliott miaka 6, dola milioni 90, mwaka 2019. Naye 2023 akaachwa.

Na Saquon Barkley, mkimbiaji aliyeng'ara hadi akatwaa ubingwa, je? Swali zuri. Msimu wake wa kwanza na timu ya Eagles, 2024, alikimbia yadi 2,005 na wakatwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa. Lakini walimsajili kwa miaka 3 tu, na mbele yake walisimama majabali wa kumfungulia njia kama Jordan Mailata na Lane Johnson. Msimu uliotangulia, akiwa timu ya Giants, Barkley huyohuyo aliishia yadi 962.