Wahadzabe hawaishi kwa nyama tu

Tangu tukiwa shuleni tunaambiwa kwamba Wahadzabe, wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, chakula chao ni nyama. Sivyo. Mwindaji hutoka alfajiri na upinde na mishale yake ya sumu, na mara nyingi hurudi mikono mitupu. Kambi hutegemea sana kazi ya akina mama, na inaniuma kwamba haitajwi: mizizi inayochimbwa kwa kijiti kilichochongwa ncha, matunda ya porini, ubuyu unaopondwa ukawa unga. Asali nayo wanaipenda mno. Ndege mlembe huwaongoza hadi kwenye mti wenye nyuki. Siku hizi mashamba na mifugo vimebana mapori, wanyama wamepungua, na ugali umeingia kambini.