Tanzia za Magazeti ya Zamani: Anza na Majina ya Walio Hai

Wengi wanaokuja kwetu kuulizia magazeti ya zamani wanatafuta tarehe. Babu alifariki lini? Bibi alizikwa mwaka gani? Ni swali la haki, na tarehe ikipatikana ni faida. Lakini sisi tunaofanya kazi ya maktaba na nyaraka hapa Mtwara tunaona kila mara msomaji akinakili tarehe, anafunga gazeti, anaondoka, na sehemu kubwa ya alichokuwa anakitafuta ameiacha mezani. Ushauri wangu ni huu: ukipata tanzia ya mtu wa ukoo wako, iandike tarehe haraka, kisha kaa na majina ya walio hai. Marehemu unamjua tayari, ndiyo maana unamtafuta. Usiowajua ni wale waliotajwa pamoja naye, na hao ndio watakaokupeleka kizazi kingine nyuma.

Tuchukue mfano. Huu nimeutunga mwenyewe ili nisimtaje mtu, lakini umefuata mtindo tunaoukuta katika magazeti ya miaka ya 1980:

"Familia ya Mzee Fulani wa Chikongola, Mtwara, inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao kilichotokea Jumanne iliyopita katika Hospitali ya Ligula. Mazishi yamefanyika kijijini Kitangari. Habari ziwafikie mjomba wake aliyeko Mahuta, dada yake aliyeko Muheza, mwanawe wa Shirika la Reli Tabora, na ndugu, jamaa na marafiki wote popote pale walipo."

Ni sentensi tatu tu. Amefia Ligula, Mtwara mjini, lakini amezikwa Kitangari, wilayani Newala, kwa hiyo kaburi na wazee wa kuulizwa wako huko, siyo mjini. Mzee wa Chikongola huenda si baba wa marehemu. Mara nyingi anayetajwa mwanzo ni mwenye nyumba iliyopokea msiba: kaka mkubwa, shemeji, hata rafiki wa kazini. Dada wa Muheza anakumbusha safari za watu wa Kusini kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga enzi za manamba, yaani vibarua wa mkataba wakati wa ukoloni. Ukoo wenye mtu Muheza huenda una tawi zima huko, na watoto wake leo hawajui Kitangari iko upande gani. Mtoto wa reli naye ana jalada la ajira lililoandikwa mahali alipozaliwa na jina la mtu wake wa karibu. Na "Jumanne iliyopita" haitoshi kuwa tarehe mpaka utazame gazeti lenyewe limetoka siku gani, ukijua kwamba tangazo lingeweza kusafiri siku kadhaa kutoka Newala mpaka chumba cha habari Dar es Salaam.

Mjomba wa Mahuta nimemwacha makusudi.

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo umehesabiwa tangu zamani kwa upande wa mama. Magazeti, shule, makanisa na ofisi za serikali vilihesabu kwa upande wa baba, kwa sababu fomu zao ziliuliza jina la baba. Anayetafuta ukoo wake kwa kufuata jina la mwisho peke yake anapanda mti wa baba, baba wa baba, mpaka juu, kisha anashangaa wazee wa kijijini hawamtambui. Katika tanzia nyingi za kwetu, mjomba aliyetajwa ndiye mlango pekee wa ukoo wa mama uliobaki kwenye maandishi. Mshike. Uliza kama alikuwa kaka wa mama tumbo moja au mjomba wa ukoo, na mama yao alitoka kijiji gani. Ukimpata huyo mama umepata shina.

Majina nayo yanataka subira. Kijana aliyetoka jandoni alipewa jina jipya na la utotoni likaachwa. Akibatizwa aliongezewa la tatu, akiajiriwa karani aliliandika alivyolisikia. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja katika kitabu cha ubatizo, jingine kwenye kitambulisho cha kazi, na jingine kabisa midomoni mwa wajukuu. Kabla hujafungua gazeti hata moja, keti na mtu mzima wa nyumbani mkaandike majina yote aliyowahi kuitwa huyo unayemtafuta. Tafuta kwa "bin" na bila "bin". Tafuta kwa R na kwa L, kwa Mohamedi na kwa Muhammad. Maandishi ya Wajerumani yatakuandikia Massassi kwa s nne, na mto Ruvuma utaukuta ukiwa Rovuma. Jina la ubatizo linaweza pia kukuelekeza pa kuanzia: majina ya watakatifu wa Kibenediktini kama Placidus na Maurus yanakuelekeza kwanza kwenye parokia za Wakatoliki, kama Ndanda, Nyangao na Lukuledi, kabla hujabisha hodi kwa Waanglikana wa Masasi.

Nani aliandikwa, nani hakuandikwa

Magazeti ya zamani hayakuwa ya kila mtu. Tangazo lililipiwa, na aliyelipa mara nyingi alikuwa na mshahara, au ndugu mjini. Walimu, makarani, wauguzi, wafanyabiashara, viongozi wa chama na wa dini utawapata. Mkulima wa korosho wa Tandahimba, mvuvi wa Msanga Mkuu, na wanawake karibu wote wa kizazi cha bibi zetu utawapata kwa shida, na wanawake wengi watatajwa kama "mke wa" au "mama wa" mtu fulani bila jina lao. Kwa hiyo ukimtafuta bibi, soma tanzia za kaka zake na za wanawe. Humo ndimo alimoandikwa.

Watu wengi wa Kusini walitangaziwa vifo vyao redioni. Matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam yalifika vijijini ambako gazeti halikufika, na wenye umri wa kutosha wanakumbuka nyumba nzima ikinyamaza yanaposomwa. Tangazo la redio likishasomwa limepita, lakini karatasi iliyopelekwa redioni, au telegramu iliyoleta habari, wakati mwingine ilihifadhiwa. Zitazame ndani ya Msahafu, ndani ya Biblia, na chini kabisa ya sanduku la nguo la mzee.

Familia za Kiislamu za Lindi, Mikindani na Kilwa zinahitaji njia nyingine. Maiti huzikwa siku ile ile au kesho yake, kwa hiyo tangazo la kuwaita watu mazishini halikuwa na nafasi gazetini. Tafuta baadaye: shukrani kwa waliofariji, tangazo la arobaini au hitima, na kumbukumbu ya mwaka mmoja, mitano au kumi. Kumbukumbu hizi ni hazina, kwani huorodhesha wake, watoto na wajukuu ambao tanzia ya haraka iliwaacha. Na mzee akikwambia fulani alifariki Mfungo Sita, usimpuuze. Huo ni mwezi wa Maulidi, na ukishajua mwaka unaweza kuupata mwezi wa kalenda ya kawaida, ukikumbuka kwamba mwaka wa Kiislamu hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka.

Usizipite pia kurasa za matangazo ya mahakama. Tangazo la mirathi hutaja marehemu, anayeomba kusimamia mali, na mahakama yenyewe. Ukiwa na jina la mahakama na namba ya shauri unaweza kuomba kutazama jalada, na ndani ya jalada la mirathi kwa kawaida kuna orodha ya warithi na muhtasari wa kikao cha ukoo. Katika nyaraka zote nilizozitaja, hili ndilo ningelifuata kwanza.

Magazeti yenyewe

Kwa vifo vya baada ya Uhuru, anza na Uhuru lililoanza 1961, Mzalendo la Jumapili lililoanza 1972, Ngurumo lililoanza 1959 na kufa katikati ya miaka ya 1970, na Daily News iliyotokana 1972 na kuunganishwa kwa Standard na Nationalist. Kabla ya hapo kuna Mambo Leo, la serikali, lililotoka kila mwezi kuanzia 1923. Humo usitafute tanzia za kulipiwa. Tafuta barua na habari fupi zilizoletwa na wasomaji wa wilayani, na mashairi ya maombolezo, ambamo mshairi humtaja marehemu, kwao na kazi yake. Waliosoma misheni wanaweza kupatikana nyuma zaidi, katika Msimulizi la Kiungani, Zanzibar, lililoanza 1888 na kupokea habari kutoka vituo vya misheni. Kituo cha Masasi kilikuwa kimeanzishwa 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Kiongozi la Wakatoliki lilianza Tabora 1950. Familia za Kihindi za Lindi na Mikindani zitafute Samachar la Zanzibar, kwa Kigujarati na Kiingereza.

Mtu mashuhuri huandikiwa wasifu mrefu, nao hata kama si ndugu yako unaweza kukufaa. Rais Mstaafu Benjamin William Mkapa, ambaye naye aliwahi kuwa mhariri wa magazeti, alifariki Julai 24, 2020 na kuzikwa kwao Lupaso, Masasi. Ukifuata shule alizopita, Lupaso, Ndanda, Kigonsera, Pugu, unaona njia waliyopita vijana wengi wa Kusini wa rika lake. Kama babu yako alisoma miaka ile, shule hizo ni mahali pa kuulizia.

Ukiwa hujui mwaka, usianze kufungua magazeti ovyo. Wazee wetu walipanga kumbukumbu kwa matukio, na matukio hayo yana miaka. Vita vya Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Mapigano ya Mahiwa, katika Vita Kuu ya Kwanza, ni Oktoba 1917. Mradi wa karanga wa Nachingwea ulianza 1947 na kuachwa 1951. Kimbunga kilichoipiga pwani yetu ni Aprili 1952. "Alifariki baada ya kimbunga, mtoto wake akiwa bado hajaingia jando" inakupunguzia utafutaji kutoka miaka 30 hadi mitatu au minne.

Kipande cha gazeti kisicho na tarehe nacho kina msaada. Kigeuze. Nyuma kuna nusu ya tangazo la sinema, matokeo ya mpira au bei ya sukari, na hayo yana mwaka wake. Majina ya mashirika husaidia vilevile: Shirika la Reli Tanzania halikuwapo kabla ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977. Ukiona "Jimbo la Kusini", uko enzi za ukoloni au mwanzoni mwa Uhuru. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara 1971, kwa hiyo "Nachingwea, Mtwara" ya 1968 si kosa la mchapaji. Na kijiji kilichotajwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 huenda leo ni mapori yenye miembe. Makaburi yalibaki pale pale, watu wakahamishwa.

Magazeti haya yanasomwa Dar es Salaam: Maktaba Kuu ya Taifa, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mkusanyo wa Afrika Mashariki, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Kabla ya kupanda basi, pita maktaba ya mkoa, Mtwara au Lindi, usaidiwe kuandika ombi lenye jina la gazeti, miezi unayotaka na majina yote ya mtu wako. Ombi la namna hiyo linakuokolea siku nzima. Ukifika, piga picha kwanza kichwa cha gazeti chenye tarehe, kisha ukurasa mzima, ndipo tangazo lenyewe. Usiwashe mwanga wa kamera.

Ulichokipata ukipime. Umri ulioandikwa kwenye tanzia ya mzee aliyezaliwa kabla ya 1940 mara nyingi ni makadirio ya wanawe. Linganisha na kitabu cha ubatizo au cha mazishi cha parokia, na maandishi ya kaburi, na simulizi ya mtu wa pili asiyekaa nyumba moja na wa kwanza. Tanzia haichukui nafasi ya cheti cha kifo. Mambo ya mirathi yapeleke RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na mahakamani.

Ipo pia heshima ya kuzingatia. Jina la mtoto aliyeachwa nje ya orodha, mke wa pili ambaye wa kwanza hakumjua, bibi aliyefika Kilwa au Mikindani akiwa mtumwa: haya yanatokea, na walio hai bado yanawauma. Mweleze kwanza mkubwa wa ukoo faraghani. Usiyatume kwenye kundi la familia la simu usiku ule ule.

Kwa vipande ulivyonavyo nyumbani, hewa ya chumvi ya pwani yetu na mchwa ni maadui wa karatasi, na karatasi ya gazeti ina asidi inayoila yenyewe. Usiibandike kwa selotepu wala kuifunika kwa plastiki ya moto. Iweke katikati ya karatasi nyeupe safi, ndani ya boksi lisilogusa sakafu wala ukuta, na uandike pembeni kwa penseli ilikotoka. Weka humo pia wasifu wa marehemu unaosomwa msibani siku hizi. Ule ukurasa mmoja anaoushika msemaji wa familia una wazazi, shule, kazi, ndoa na watoto, na mara nyingi hukunjwa mfukoni ukapotea jioni ile ile. Mwombeni nakala kabla watu hawajatawanyika, na mkiwa bado mmekaa mkekani, mama mkubwa aulizwe yale ambayo msemaji hakuyasoma.