Nyumba Imepatikana, Kituo Bado: Hospitali Inapokodi Jengo la Tawi Lubumbashi

Katika ofisi yetu ya majengo ya hospitali kuna swali lisiloisha: "Nyumba mlishapata, kibao mlishasimamisha, mbona hamfungui tawi?" Wanaouliza ni wakaaji wa Katuba, Ruashi na Kampemba, watu wanaopanda taksibisi mbili na mtoto mwenye homa mgongoni ili kufika hospitali kubwa. Wana haki ya kuuliza. Nyumba ndiyo kazi nyepesi. Muda mwingi tunaumaliza tukiamua ni vitu gani tutavijenga ndani ya kuta za mtu mwingine, na karatasi gani itavilinda.

Kabla ya nyumba kuna zone ya afya. Mji wetu umegawanywa katika zone, kama Kenya (ya hapa mjini, sio nchi), Katuba, Kisanga, Ruashi au Tshamilemba, na kila zone ina daktari mkuu wake na imekatwa tena katika eneo dogo dogo, kila eneo na kituo chake cha afya. Kituo hicho kina kazi zake: kupima wagonjwa, chanjo, kliniki ya wajawazito, kuzalisha mama asiye na matatizo, labo ya kawaida. Upasuaji ni wa hospitali kuu ya rufaa. Kwa hiyo hospitali inayotaka kufungua tawi inaanza kwa daktari mkuu wa zone, sio kwa komisionere, yaani dalali wa nyumba. Inauliza watu wa wapi wako mbali na huduma, na nani tayari anawahudumia. Ukifungua avenyu mbili kutoka kituo cha zamani, mnagawana wagonjwa walewale, na mwisho wa mwezi manesi wa pande zote mbili hawalipwi vizuri. Nimeona hospitali zenye jina zikiruka hatua hiyo kwa sababu nyumba ilikuwa nzuri na iko barabarani. Kwangu mimi hiyo ni pupa.

Ruhusa ikipatikana ndipo komisionere wanaitwa, na hapo sifa zinaanza: vila, plafondi (dari) mpya, karo (vigae) sakafuni, sebule kubwa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia mara nyingi haifai kwa mgonjwa aliyelala. Sisi tunakwenda na machela yenyewe. Ina urefu wa karibu mita 2. Katika koridori ya mita 1, ukifika kwenye mlango wa sentimita 80 ulio ubavuni, machela haikati kona hata mkiinua upande mmoja, na mwenye nyumba anabaki kusema "jaribuni kwa kuinamisha". Mgonjwa anayetoka damu hainamishwi. Ukuta huo itabidi ubomolewe, na kama ndio unaobeba paa, hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Kwenye ngazi za mlangoni tunapima mteremko: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 zinadai njia ya mita 5 na nusu hivi kwa ajili ya kiti cha magurudumu, na parsele (viwanja) nyingi hazina nafasi hiyo mbele.

Jambo lingine ni msimu. Nyumba za Lubumbashi zinaonyeshwa sana wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, ardhi nyekundu ikiwa kavu na kila kitu kikionekana imara. Mvua kubwa inakuja mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi wa tatu. Ukiona ukuta umepakwa rangi mpya nusu ya chini tu, uliza maji ya mwezi wa kwanza yalifika wapi. Waulize majirani, maana wao hawana nyumba ya kupangisha. Tazama pia mbao za paa: hapa kwetu vichuguu vinapita urefu wa mtu, na mchwa hauogopi hospitali.

Maji yanahitaji hesabu. Shirika la Afya Duniani linaweka lita 5 kwa kila mgonjwa anayekuja na kurudi nyumbani, lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila anayelala, na lita 100 kwa kila anayejifungua. Chukua tawi la wagonjwa 60 kwa siku, vitanda 6 kwa lita 50 kila kimoja, na mama 2 wanaojifungua: ni lita 300, nyingine 300, kisha 200. Jumla ni lita 800, kabla hujaosha sakafu wala shuka. Sasa weka bidoni (dumu) ya lita 20 chini ya bomba la Regideso, shirika la maji, uangalie saa. Ikijaa kwa dakika 2, unapata maji ya siku nzima kwa saa 1 na dakika 20. Ikijaa kwa dakika 10, unahitaji karibu saa 7, na kuna kartie (mitaa) ambako bomba halitoi saa 7 mfululizo. Jaribio hilo tunalifanya asubuhi na jioni. Likishindwa, tunazungumzia tanki juu ya mnara wa chuma, au foraji, yaani kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine. Tanki naweza kulihamisha mkataba ukiisha. Foraji inabaki kwa mwenye nyumba.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yote. Kila kitu tunachopanga kuweka kinaingia katika orodha mbili: kinachoondoka nasi na kinachobaki. Paneli za jua zilizofungwa kwa bolti, friji ya chanjo inayotunza nyuzi 2 hadi 8, vitanda, mashine ya ekografi (ya kutazama mtoto tumboni), jenereta: vinaondoka. Karo za ukutani, mifereji ya maji machafu, nyaya za umeme ndani ya plasta, foraji, milango iliyopanuliwa: vinabaki. Hospitali inayokodi ijitahidi orodha ya kwanza iwe ndefu kuliko ya pili.

Ndiyo maana sishauri kuweka radiografia (eksirei) katika jengo la kukodi. Watu wanaipenda, najua, na mashine yake inavutia wagonjwa. Lakini chumba chake kinadai kinga ya madini ya risasi au kuta nene kwa ajili ya mionzi, ruhusa ya kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mionzi, na mara nyingi umeme wa njia tatu ambao nyumba ya kawaida haina. Nenda ukaombe SNEL, shirika la umeme, njia tatu katika mji ambao migodi nayo inadai umeme uleule, uone utasubiri muda gani. Ekografi inachomekwa kwenye plagi, haitoi mionzi, na mama mjamzito anaihitaji zaidi. Anayehitaji picha ya mfupa apelekwe hospitali kuu kwa gari, na gari hilo lihesabiwe katika bajeti kama tunavyohesabu kodi ya nyumba.

Kitu kingine kinachobaki, ambacho wenye nyumba wengi hawakifikirii mpaka siku ya kusaini, ni shimo la kondo la nyuma. Tawi likizalisha, kondo ni lazima zizikwe mahali palipofunikwa vizuri na mbali na maji. Umbali tunaoushika kutoka kisima ni mita 30. Katika parsele ya mita 20 kwa 30, na jirani mwenye kisima nyuma ya ukuta, umbali huo ni vigumu kupatikana. Tukikosa nafasi, kondo na masanduku ya sindano zilizotumika vinasafirishwa kila siku, vimefungwa, hadi hospitali kuu yenye tanuri la kuchomea. Kuchoma taka za hospitali kwenye pipa katikati ya nyumba za watu hatukubali, hata kama "kila mtu anafanya". Na shimo likichimbwa, mkataba useme wazi liko wapi na litafungwaje tukiondoka. Mwenye nyumba asije akajenga jiko juu yake bila kujua.

Kwa vyumba vya kusubiri, nasisitiza madirisha yanayotazamana pande mbili. Kifua kikuu kipo kati yetu, na mgonjwa anayekohoa akae mahali ambapo upepo unapita, hata barazani chini ya bati. Baridi ya mwezi wa sita itawasukuma watu kufunga madirisha, kwa hiyo tunatoboa matundu ya juu yasiyofungika.

Tuje kwenye pesa. Tuseme matengenezo yamegharimu dola 36,000 na kodi ni dola 1,200 kwa mwezi. Mkataba ukiwa wa miaka 3, matengenezo peke yake yanabeba dola 1,000 kila mwezi, yaani nyumba inakugharimu 2,200. Mkataba ukiwa wa miaka 10, yanabeba 300, na nyumba ni 1,500. Jengo ni lilelile, na mgonjwa ndiye atakayelipa tofauti hiyo kwenye bei ya fishi, karatasi ya kumwona daktari. Kwa sababu hiyo tunapigania miaka zaidi kuliko tunavyopigania kupunguziwa kodi, na tunaomba miezi ya ujenzi isihesabiwe kodi. Mwenye nyumba mwerevu anakubali, maana kuta zinabaki kwake zikiwa bora. Mwingine anajenga mwenyewe kufuata ramani yetu na kurudishiwa gharama ndani ya kodi. Njia hiyo ni nzuri, mradi fundi wetu asimamie kila hatua.

Kuhusu sheria, Kongo ya Kinshasa iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na sheria yake ya biashara ya mwaka 2010 inamlinda mwenye kupanga jengo kwa ajili ya kazi yake. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaurithi mkataba. Mwenye nyumba akifariki, mkataba hauvunjiki. Mpangaji aliyefanya kazi humo angalau miaka 2 ana haki ya kuomba kuendelea, lakini katika mkataba wenye mwisho uliowekwa, ombi hilo litolewe si chini ya miezi 3 kabla ya mwisho. Ukichelewa, haki inapotea. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani kwa mhasibu.

Hayo yote yanasimama tu kama aliyesaini ndiye mwenye haki. Kwa sheria ya 1973 ardhi ni ya Serikali, na mtu anashika haki ya kuitumia, inayothibitishwa na sertifika kutoka kwa konservateri wa hati za ardhi. Fishi ya parsele (karatasi ya kiwanja) kutoka komine, yaani manispaa, haitoshi kwa matengenezo ya maelfu ya dola. Tunakwenda wenyewe kwa konservateri kuuliza kama sertifika ni ya kweli na kama nyumba haijawekwa rehani benki. Ikiwa ni nyumba ya marehemu, tunataka saini za warithi wote, hata yule anayekaa mji mwingine, Kolwezi, ambaye "hana neno".

Kwa hiyo, baba au mama mwenye nyumba unayetaka kuipangisha kwa hospitali, njoo na kopi ya sertifika, fakitire (bili) za mwisho za SNEL na Regideso, na mchoro wa mashimo ya choo kama upo. Usianze kupaka rangi wala kubadilisha plafondi kabla hatujaja kupima. Tutapiga picha za kila chumba pamoja nawe, tutaandika hali ya kila mlango na kila bomba, na pande zote mbili zitasaini karatasi hizo kabla funguo hazijatolewa.