Granji Haikuzaliwa Mwaka 1991
Wengi huamini kwamba muziki wa granji, aina ya roki yenye magitaa mazito ya kukwaruza, ulizaliwa Septemba 1991, bendi ya Nirvana ilipotoa albamu ya Nevermind. Sivyo. Green River, mojawapo ya bendi za kwanza za granji, waliundwa Seattle, Marekani, mwaka 1984 kutokana na panki (roki ya kasi na ukali) ya chini kwa chini, na mwaka 1986 nyimbo zao zilitoka pamoja na za Melvins na Soundgarden katika santuri ya Deep Six. Kurt Cobain mwenyewe, mwimbaji wa Nirvana, alikiri kwamba alipotunga Smells Like Teen Spirit, wimbo ninaoupenda kuliko zote za aina hiyo, alikuwa akijaribu kuiga bendi ya Pixies. Na deni la granji kwa "wimbi jipya", mkondo uliochanganya panki na vinanda vya umeme, linasikika katika Turnaround, wimbo wa Devo, bendi ya mkondo huo, ambao Nirvana waliurekodi upya mwaka 1990.