Je, wajua kwa nini misikiti ya mtaa mmoja inapishana kuadhini wakati yote inatumia programu ya saa za swala?

Ukikaa Kariakoo au Magomeni jioni utasikia Magharibi inaadhiniwa msikiti huu, dakika moja mbili unaitika wa pili, halafu wa tatu, na siku hizi wengi hawaangalii tena ile karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani, wanaangalia TV iliyotundikwa karibu na kibla inayohesabu dakika zilizobaki mpaka ikama, yaani wito wa kusimama kuanza swala. Ndio watu wananiuliza, kama wote mnatumia kompyuta mbona hampigi pamoja? Mimi ndiye ninayehangaika na hiyo TV msikitini kwetu huku Temeke, basi ngoja nieleze. Programu haijui chochote kuhusu wakati wa swala, inajua hesabu tu. Inakurudishia kile ulichoiwekea, na wewe ukikosea namba moja umewakosesha watu msikiti mzima.

Kubwa kuliko yote ni mahali ulipo. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kila dakika 4. Saa zetu Tanzania zimepangwa kwa longitudo 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini kwetu, na Dar ipo kama 39.28. Zidisha hiyo tofauti kwa 4 unapata dakika 23, ndio maana hapa jua halifiki utosini saa sita kamili, linafika kama saa 6:23 mchana kwa wastani. Na wastani wenyewe unayumba, mwanzoni mwa Novemba zawali, yaani hiyo saa ya jua kupita utosini, inaingia kama 6:07 na katikati ya Februari inasogea mpaka 6:37, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua sio duara kamili na dunia yenyewe imeinama.

Hili la mahali nimelijua kwa kuumia. Ramadhani moja niliweka programu yenye orodha ya nchi, nikachagua Tanzania, saa zikatoka nikafurahi, kumbe imechukua Dodoma. Dodoma ipo longitudo 35.7, jua linazama kule dakika 14 hivi baada ya kwetu. Siku ya kwanza tu watu wamekaa mkekani, tende kwenye sahani, maji yameshamiminwa, redio ya jirani imeshaadhini, TV yangu inaandika bado dakika 12. Mzee wetu mwadhini akatoka nje akaangalia mbingu, akarudi taratibu, akaniambia, "Mwanangu, jua limeshazama, hilo linasubiri nini?" Akashika maiki akaadhini. Nilimwomba radhi, na usiku huohuo baada ya tarawehe nikaingiza namba za Dar kwa mkono, na tangu hapo siamini orodha ya nchi.

Ukiingiza kwa mkono kuna mtego mwingine, alama ya kutoa. Sisi tupo kusini mwa ikweta kwa hiyo latitudo inaandikwa -6.8, ukisahau hicho kistari programu inakupeleka Ethiopia. Ubaya wake ni kwamba kosa hilo halionekani kila mwezi, Machi na Septemba mchana unakaribiana dunia nzima kwa hiyo saa zitakuja vizuri kabisa na utasifiwa, halafu Desemba jua la Dar linazama kama 12:37 jioni lakini TV inasema 12:13, dakika 24 kabla, na kuna mtu amefunga Jumatatu yake anafungua kwa kuiamini TV yenu! Kwa hiyo ukimaliza kuseti usiangalie leo tu, fungua Juni na Desemba pia ulinganishe na ratiba ya zamani ya karatasi.

Majira ya saa nayo chagua kwa jina, Africa/Dar_es_Salaam, au Nairobi kama Dar haipo kwenye orodha. Usichague tu mji wowote ulioona leo una saa sawa na sisi, maana miji kama Athens inakuwa sawa na sisi miezi ya kiangazi chao, halafu wanarudisha saa nyuma na TV yako inarudi nao.

Sasa tuje kwenye kupishana kwenyewe. Alfajiri na Isha hazina jua la kuliangalia, kuna mwanga tu, kwa hiyo wataalamu wameweka kipimo cha jua lipo digrii ngapi chini ya upeo wa macho. Jumuiya ya Muslim World League wanatumia 18 kwa Alfajiri na 17 kwa Isha, Misri 19.5 na 17.5, Karachi 18 na 18, wale wa Marekani ya Kaskazini ISNA 15 na 15, na Umm al-Qura ya Makka ni 18.5 kwa Alfajiri halafu Isha yao wanahesabu dakika 90 baada ya Magharibi, Ramadhani 120. Kila digrii hapa Dar ni dakika 4 na kidogo. Msikiti aliyechagua ISNA bila kujua na jirani yake aliyechagua Misri wanaachana karibu dakika 20 Alfajiri, na kwa mwenye daku dakika 20 ni jambo zito. Hapa fundi hutakiwi kujichagulia, muulize imamu na wazee wa kamati kisha wewe bonyeza.

Magharibi haina mgogoro huo, ni jua kuzama, kipimo ni digrii 0.833 chini ya upeo kwa sababu hewa inapindisha mwanga na jua lenyewe lina upana wake. Kupishana kwa dakika moja mbili kunatokana na ihtiyati, yaani wengine wanaongeza dakika za tahadhari, na wengine saa zao tu hazijarekebishwa. Ndugu zetu Mashia Ithnaasheri wao wanasubiri wekundu wa mashariki uondoke kwa hiyo huchelewa zaidi, hilo ni suala la fiqhi, yaani sheria za dini, na sio kosa la kompyuta.

Alasiri ndiyo ninayoipenda kuieleza kwa sababu unaweza kuipima na fimbo. Simika fimbo ya mita moja uwanjani karibu na tarehe 3 Machi au 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu ya Dar kabisa na kivuli kinapotea chini ya fimbo. Siku hizo kwa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wetu, Alasiri inaingia kivuli kikifika mita moja, kama saa tatu baada ya zawali. Ila Juni fimbo hiyohiyo ina kivuli cha sentimita 58 saa ya zawali, unajumlisha, unasubiri 1.58. Kwa Hanafi ni kivuli mara mbili juu ya kile cha zawali, inachelewa kama saa nzima hivi, kwa hiyo kitufe kimoja tu cha madhehebu ukikibonyeza vibaya watu wanakuta mlango wa msikiti umefungwa.

Ikama hiyo ni yenu wenyewe. Adhuhuri mnaweza kufunga saa 7:00 mwaka mzima kwa sababu zawali haizidi 6:37. Magharibi lazima ifuate jua, weka dakika tano baada ya adhana basi. Alfajiri kwa digrii 18 inatembea kati ya kama saa 10:41 na 11:22, ukifunga ikama 11:30 mwaka mzima kuna mwezi watu watasubiri robo tatu ya saa na mwezi mwingine watakimbizana na udhu.

Wazee wakilalamika kwamba TV inaandika 18:37 badala ya 12:37, tafuta programu inayoruhusu kubadilisha maandishi. Usirudishe majira ya saa nyuma kwa saa sita, nimeona ikifanywa, tarehe inaanza kubadilika saa 12 asubuhi na Alfajiri ya Ijumaa inahesabiwa Alhamisi. Na tarehe ya Hijria acha nafasi ya kuongeza au kupunguza siku moja kwa mkono, kompyuta inakadiria mwezi tu, mwandamo unatangazwa na watu walioutafuta.

Umeme nao. Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo zinazoendesha TV kama hizi, za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri ndani, LUKU ikiisha usiku ikarudi asubuhi na intaneti hakuna, inaendelea na saa ya mwisho iliyoikumbuka. Kifaa cha DS3231 chenye betri kama ya saa ya mkononi kinamaliza tatizo.

Mwisho nilienda Coco Beach Juni moja kuhakikisha, maana Dar bahari ipo mashariki, kuzama kwa jua hukuoni vizuri lakini kuchomoza unakuona. Programu iliandika shuruki, yaani jua kuchomoza, 12:34. Nimesimama mchangani simu mkononi, 12:33 hakuna kitu, ikagonga 12:34 ncha nyekundu ikatoka majini. Nikarudi nikaandika karatasi nikaibandika nyuma ya TV: -6.8, 39.28, Africa/Dar_es_Salaam, 18 na 17, Shafi, ihtiyati dakika 2, asibadilishe mtu bila kumuuliza imamu.