Baba A, mama B, mtoto O: jinsi makundi ya damu yanavyorithiwa

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine katika kazi yangu ya maabara hapa Mtwara huulizwa kwa sauti ya chini, na aghalabu muulizaji ni baba aliyekuja na kadi mkononi: yeye ni kundi A, mkewe ni B, imekuwaje mtoto wao akawa O? Nyuma ya swali hilo mara nyingi ipo ndoa iliyokwisha kutikisika, ndiyo maana nalijibu hapa kwa kirefu.

Kundi la damu huamuliwa na jeni, yaani kipande cha maelekezo ya urithi, iliyopo kwenye kromosomu ya 9 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), na kila mtu anazo nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Kwetu kusini, miongoni mwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo kwa desturi huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake. Naiheshimu desturi hiyo, lakini jeni hii haifuati hesabu ya ukoo: kila mzazi humpa mtoto nakala moja tu kati ya mbili alizonazo.

Nakala zenyewe ni za aina kuu tatu: A, B na O. Nakala ya A hutengeneza kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kazi mwilini, kinachobandika sukari fulani juu ya chembe nyekundu za damu. Ya B hubandika sukari ya aina nyingine. Ya O haibandiki kitu, kwa sababu kimeng'enya chake hakifanyi kazi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mtu mwenye nakala moja ya A na moja ya O huwa na sukari ya A kwenye chembe zake, nasi tukiidondoshea damu yake dawa ya kupimia A, chembe hushikamana na kufanya vibonge, kisha tunaandika kwamba yeye ni kundi A. Ile O aliyonayo hatuioni, kwa kuwa haina alama ya kuonekana, lakini ipo, na anaweza kumrithisha mwanawe.

Basi baba wa A aliyebeba O, akiwa na mke wa B aliyebeba O, anaweza kupata mtoto wa A, wa B, wa AB au wa O, kila kundi kwa uwezekano wa robo moja. Kila mimba huanza hesabu yake upya, kwa hiyo watoto wawili au watatu wa O kufuatana katika nyumba hiyo si ushahidi wa lolote. Tena wapo wazazi ambao kwa kawaida hakuna mtoto wao hata mmoja anayefanana nao: mmoja akiwa AB na mwenzake O, watoto huwa A au B. Naumia ninaposikia mama ametiliwa shaka kwa jambo ambalo ndilo hasa lililotarajiwa.

Wazazi wawili wa O, kwa upande wao, hutarajiwa kupata watoto wa O pekee. Majibu yakienda kinyume, la kwanza ni kurudia kipimo kwa wote watatu, kwa maana kuandika kadi kimakosa hutokea mara nyingi kuliko maajabu ya jeni, ingawa nayo yapo: mwaka 1952 walielezwa watu huko Bombay, India, ambao hupimwa wakaonekana O ilhali wamebeba A au B. Anayetaka uhakika wa uzazi anahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho nchini husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kundi la damu likioana na la baba halithibitishi kitu, kwani wanaume wengi mno wana kundi hilohilo.

Kadi ya baba ina kazi nyingine, nami naiona kuwa kubwa zaidi. Alama ya chanya au hasi iliyo pembeni ya kundi ni ya Rh, alama nyingine ya juu ya chembe nyekundu, inayotokana na jeni nyingine iliyo kwenye kromosomu ya 1. Hasi hujificha kama O, hivyo wazazi wawili walio chanya wanaweza kumzaa mtoto hasi. Penye hatari ni pale mama anapokuwa hasi na baba chanya. Mtoto akirithi chanya, damu yake kidogo inaweza kuingia kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, na mwili wa mama ukatengeneza kingamwili, yaani askari wa kinga, dhidi ya damu hiyo. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Anayefuata, naye akiwa chanya, anaweza kuharibiwa chembe zake tumboni, akazaliwa na upungufu wa damu na manjano kali. Sindano ya anti-D huzuia hali hiyo, mradi mama awe bado hajatengeneza kingamwili hizo, na hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya. Mimba ikiharibika, mama aliye hasi aulize mapema kliniki kama naye anaihitaji.