Kutoka ujasusi hadi tasnifu: tanbihi ndiyo mtihani

Afisa wa ujasusi anayestaafu na kurudi chuoni kusomea uhusiano wa kimataifa haji mikono mitupu. Anajua kupima maneno ya mtu, na anaandika kurasa mbili zikaeleweka. Kinachomwangusha ni tanbihi. Kazini chanzo hufichwa, kikapewa daraja: herufi A hadi F kwa uaminifu wa msemaji, tarakimu 1 hadi 6 kwa uzito wa habari yenyewe. Bosi akiona B2 anaridhika. Mtahini haridhiki, anataka aweze kuifuata njia uliyopita hadi kwenye chanzo.

Chukua Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, mada isiyoisha huku Kisumu. Rasimu ya kwanza husema: “Inaaminika kuwa Uganda inakishikilia kisiwa kwa sababu ya samaki aina ya mbuta.” Inaaminika na nani? Sentensi hiyo ina madai matatu, na kila moja lina ushahidi wake. Kuhusu mpaka, soma amri ya Uingereza ya 1926, inayopitisha mstari kwenye visiwa vya Pyramid, Ilemba, Kiringiti na Mageta, kisha uuchore mwenyewe kwenye ramani: Migingo inaangukia Kenya. Kuhusu askari wa Uganda, tumia Hansadi (kumbukumbu rasmi za Bunge), magazeti, na wavuvi wa Muhuru Bay waliokubali kuhojiwa.

Sababu ndiyo tasnifu yenyewe. Kisiwa ni kama nusu ekari tu, na mwaka 2009 Museveni alisema ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda. Hapa ujuzi wa zamani unafaa sana. Richards Heuer wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alifundisha kuchora jedwali: maelezo yanayoshindana (samaki, kodi, siasa za ndani) juu, ushahidi ubavuni. Ushahidi unaokubaliana na maelezo yote hauna uzito, hata uwe mtamu namna gani. Tafuta unaoangusha mojawapo.

Neno “huenda” nalo lichungwe. Ripoti ya CIA ya 1951 kuhusu Yugoslavia iliutaja uwezekano wa kushambuliwa kuwa wa “kutiliwa maanani”. Mchambuzi wa CIA Sherman Kent alipowauliza walioiandika, makadirio yao yalitofautiana kuanzia asilimia 20 hadi 80.

Na kumbukumbu za ofisini si chanzo. Sheria ya ujasusi ya Kenya ya 2012 inambana hata aliyeacha kazi. Jambo lisilopatikana kwenye hati ya wazi au mahojiano yenye kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, liache nje. Kibali chenyewe kiombwe kabla ya mahojiano ya kwanza, maana hakitibu yaliyokwisha kufanywa.